Amana ya Mwili wa Mtoto

Tuseme mama mmoja wa Ipinda, kati ya mashamba ya mpunga na kokoa ya Kyela, amejifungua mwana ambaye mkunga hakuthubutu kumtaja kuwa wa kiume wala wa kike. Wanazuoni wa fikihi walimwita huntha, wakamfungulia mlango wake katika mirathi. Na alipokuwa mushkili, walimngojea abaleghe, mwili useme wenyewe.

Je, kungoja hakuna hatari? Baadhi ya watoto hawa wana tezi za uzazi zilizojificha tumboni. Zikiwa hazikukamilika kuumbika, na mtoto ana kromosomu Y, huweza kuzaa uvimbe hata kabla ya baleghe. Hapo matabibu hushauri zitolewe mapema. Wapo wengine ambao tezi zao ni timamu ila mwili hauitikii homoni za kiume. Kwa hawa hatari ya utotoni ni ndogo mno, na tezi hizo hizo ndizo zitakazompevusha binti.

Kumtambua ni yupi kwahitaji kipimo cha kromosomu, nacho hakifanyiki katika zahanati ya kijijini.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la mtoto aliyeandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi, iliitaka serikali ieleze miongozo ya upasuaji wa namna hii. Mimi siupingi upasuaji. Naupinga ule wa kuwanyamazisha majirani. Mama yule akiletewa karatasi atie saini, ningemwomba aulize kwanza: tezi hizi ni za aina gani, na mwanangu ana muda gani?