Haki ya Mwanagenzi

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wakanyamaza juu ya mcheza ugenini, na zaidi wakanyamaza juu ya yule asiyejua bado kucheza. Swali ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji wa kurasa hizi ni hili: je, mwanagenzi ana haki ya kuwatwisha wenziwe makosa yake?

Kwa mshairi swali hili ni jepesi. Ubeti wenye mizani pungufu hufutwa usiku, asubuhi haupo. Mfasiri naye huchana karatasi yake. Mimi niliyejifunza kazi zote mbili bila ya mwalimu, kwa kamusi na taa, sikumlazimisha mtu kusikia lolote mpaka nilipotaka mwenyewe. Ngoma haina maficho ya namna hiyo.

Nayasema haya nikiwa Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, ninakokaa kwa dada yangu tangu Machi. Kando ya barabara kuu iendayo Mbeya liko kundi dogo la vijana wapigao harusini. Wana tumba mbili, zile ngoma ndefu za bendi za dansi zipigwazo kwa viganja. Niliomba kufundishwa. Mwalimu wangu ni kijana wa miaka thelathini hivi. Hunipa shikamoo kwa adabu zote, hunivutia kigoda, kisha huniamuru kama mtoto wa chuoni. Umri wangu huishia kwenye salamu, na sioni ubaya.

Mapigo ya msingi ni manane. Kisigino cha kiganja cha kushoto, ncha za vidole, kofi kali la mkono wa kulia, ncha tena. Kisigino, ncha, kisha milio miwili ya wazi ya mkono wa kulia. Kofi ndilo gumu. Anayeanza hudhani linataka nguvu, kumbe linataka mkono ulegee, ukunjike kidogo kama utekao maji. Asubuhi za baridi ngozi hunywa unyevu wa ukungu ikalegea, na nati huzungushwa kwa spana mpaka sauti irudi. Yote haya mtu aweza kuyajua chumbani peke yake. Asiloweza kulijua huko ni kushika mwendo wakati wenziwe wanauvuta. Kulifanyia hilo mazoezi ya upweke ni kupiga kasia juu ya mchanga.

Katika harusi moja ya Juni vijana wale waliniketisha kati yao. Mjomba wa bibi harusi akaja kuuliza, kwa sauti ya chini lakini bila ya kuficha: tumetoa pesa kwa ajili ya sherehe, au kwa ajili ya kumfunza huyu mgeni? Tena, mtu wa pwani na tumba, wapi na wapi?

La pili nalijibu kwa haraka. Tumba ni mgeni kila ilipo. Mababu zake ni ngoma za Wakongo wa Afrika ya Kati na jirani zao, waliochukuliwa utumwani Kuba. Huko ikaundwa kwa mbao mfano wa pipa, na karibu na mwaka 1940 Arsenio Rodríguez akaiingiza katika bendi yake ya muziki wa son. Santuri za Kuba, zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, zikaurudisha muziki huo Kongo, na bendi za dansi zikautandaza huku kwetu. Nani basi atakayetuonyesha kwao?

La kwanza halijibiki kwa wepesi, kwani mjomba ana haki. Bibi harusi haolewi ili mimi nijifunze. Hakuna mzazi atakaye mwanawe awe wa kwanza kwa ngariba mgeni wa kisu. Na hata hivyo, kila ngariba alikuwa na wa kwanza wake. Mzigo upo, na lazima mtu aubebe.

Vijana walitoa jibu bila ya kujadiliana. Niliondolewa mapigo manane, nikaachiwa mlio mmoja wa wazi, mahala pamoja, mpaka mwisho. Kwetu Unguja kidumbak nacho kina mkwasa, vijiti viwili vya kugonganishwa. Mkono usiojua mengi waweza kuushika, na fidla yote ikauegemea. Wako watakaosema kumpa mtu sehemu ndogo ni kumnyamazisha kwa heshima. Sikubali. Aliyepewa sehemu ambayo ikikosekana hakuna atambuaye, huyo kadharauliwa. Aliyepewa sehemu ndogo inayobeba wengine, kaaminiwa. Ila kumwacha hapo miaka, kwa kuwa mkubwa anaogopa kiti chake, hiyo ni dhuluma nyingine.

Ushairi wetu nao uliwahi kuwa na uwanja kama huo. Gazeti la Mambo Leo, tangu 1923, lilichapisha tungo za wasomaji wake, na mtunzi mchanga akajikuta amesimama hadharani pamoja na malenga. Leo mtunzi mchanga hupata sifa za rafiki zake au kimya, na vyote viwili havimfai.

Mjomba yule alikaa karibu nami hadi saa nane ya usiku, akiutazama mkono wangu. Tumepatana na vijana kwamba katika harusi ya Agosti nitapiga yote manane, na mwenye shughuli ataambiwa kabla ya kulipa.