Ahadi ni Deni, Hata ya Mwandishi?

Kitabu cha tano katika msururu wa George R.R. Martin, A Dance with Dragons, kilitoka Julai 2011. Cha sita bado kinangojwa. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa anaota ndevu. Runinga ilianza kuonyesha hadithi hiyo mwaka uleule wa 2011, ikampita mwandishi njiani, ikaimaliza 2019 kwa namna iliyowaudhi mashabiki wengi. Vitabu vyenyewe vimebaki palepale, watu wakiwa katikati ya vita, wengine wamedungwa visu na hatujui kama watapona.

Ukitaka kikundi cha WhatsApp cha wapenda vitabu kisilale, uliza hivi: je, sisi wasomaji tunamdai Martin kitu, ama hatumdai?

Jibu la haraka ni kwamba hatumdai. Mwaka 2009 msomaji mmoja alimwuliza mwandishi Neil Gaiman jambo hilihili, naye akajibu kwa ukali kwamba Martin si mfanyakazi wa msomaji. Hoja hiyo ina uzito. Umepanda matatu Nairobi, umelipa nauli ya Naivasha, umefika Naivasha. Huwezi kumshika makanga shati ati akufikishe Nakuru kwa pesa zilezile. Ulinunua kitabu cha tano, ukapewa kitabu cha tano, kurasa zote zipo. Biashara imeisha.

Lakini si matatu zote ni za Naivasha. Chukua The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss, iliyotoka 2007. Humo mhusika mkuu, Kvothe, anamwambia mwandishi aliyemtembelea kwamba atamsimulia maisha yake kwa siku tatu. Kitabu cha kwanza ni siku ya kwanza. Cha pili, kilichotoka 2011, ni siku ya pili. Siku ya tatu haijapambazuka hadi leo. Hapo msomaji hakujitungia tamaa yake mwenyewe. Hadithi yenyewe ilimwambia ni siku tatu. Matatu iliandikwa "Nakuru" kwa herufi kubwa kwenye kioo, makanga akaita "Nakuru! Nakuru!", na ndiyo maana watu wakapanda.

Kwa hivyo wako wanaosema: ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Tatizo la kauli hiyo ni kwamba inamchukulia mwandishi kama mtu aliyekopa unga. Unga ukikopwa unajulikana uko wapi na unapimwaje. Riwaya ambayo haijaandikwa haipo popote. Mtu anaweza kukaa mezani kila asubuhi kwa miaka kumi na isije, au ije mbovu aitupe. Kuahidi kitu ambacho huna uhakika unaweza kukitengeneza ni kutangaza nia, na nia si mali ya mtu mwingine. Hata mahakama haiwezi kumlazimisha mtu aote ndoto nzuri kufikia Ijumaa.

Basi kama kitabu chenyewe si deni, kuna kitu kingine chochote tunachodai? Nadhani kipo, na fundi wa nguo anaweza kutusaidia kukiona.

Kila mtu mjini ana fundi wake wa "kuja kesho". Umempelekea kitambaa, harusi ni Jumamosi. Jumatatu anasema kesho. Jumanne, kesho. Alhamisi unaingia ghafla unakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta, hata mkasi haujakigusa. Kinachokuuma wakati huo ni nini hasa? Nguo kutokuwa tayari ni hasara, sawa, lakini mafundi huugua, stima hupotea, mashine huharibika. Mtu mzima anaelewa. Kinachouma ni zile kesho zote. Kila kesho ilikunyima nafasi ya kwenda kwa fundi mwingine, kuazima nguo ya dada yako, kujipanga. Alikuwa anajua jambo linalokuhusu, akakuacha uendelee kuishi kana kwamba halipo.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo deni la mwandishi. Hatudai kitabu. Tunadai ukweli kuhusu kitabu.

Ukipima kwa kipimo hicho, hukumu zinabadilika. Tarehe 2 Januari 2016 Martin aliandika kwenye blogu yake kwamba kitabu cha sita hakijaisha, kwamba tarehe alizokubaliana na wachapishaji zimempita, na kwamba runinga itamtangulia. Haikuwa habari njema, lakini ilikuwa habari. Siku hiyo, kwangu mimi, alilipa. Baadaye amewahi kutaja matarajio mengine yaliyopita pia, na hapo ndipo ana la kujibu: kila anapokisia tarehe na kukosea, kesho ya fundi inarudi.

Rothfuss ana mzigo mzito zaidi. Kitabu cha kwanza kilipotoka alisema hadithi nzima alikuwa ameshaiandika. Tena mwishoni mwa 2021, wakati wa mchango wa hisani, aliahidi sura moja ya kitabu cha tatu iwapo kiwango fulani cha pesa kingefikiwa. Kikafikiwa. Muda aliosema ukapita bila sura. Pesa zilienda kwa wahitaji, na hilo ni jema. Lakini hapa hatuzungumzii tena ndoto isiyopimika. Ni sura moja, alisema anayo, na watu walitoa pesa kwa neno hilo. Hiyo ni ahadi kamili na ni deni kamili.

Mtu ataniuliza: na wale wanaosoma PDF za bure zinazozunguka kwenye simu, nao wanadai nini? Swali zuri. Kama deni lingekuwa kitabu, wao wasingekuwa na neno, maana hawakulipa hata ndururu. Lakini ukweli haununuliwi. Mtu aliyeazima kitabu kwa rafiki, aliyekipata cha mtumba kando ya barabara, hata huyo wa PDF (ambaye ana kesi yake nyingine kabisa, tutaizungumza siku nyingine), wote hawastahili kudanganywa. Mchango wa mfuko unakupa haki ya bidhaa. Haki ya kutodanganywa unazaliwa nayo.

Kipimo hiki kinampa mwandishi uhuru pia. Kama anachodaiwa ni ukweli tu, basi anaruhusiwa kuacha. Terry Pratchett alifariki 2015, na kwa matakwa yake mwenyewe diski iliyokuwa na kazi zake ambazo hazijakamilika ilipondwapondwa na tingatinga la mvuke mwaka 2017. Hakuna aliyedanganywa. N.K. Jemisin alianza msururu wake wa jiji la New York mwaka 2020 ukiwa umepangwa vitabu vitatu. Mwaka 2022 akatoa cha pili na kukifanya cha mwisho, akawaeleza wasomaji waziwazi kwamba safari imefupishwa na kwa nini. Wengine walisikitika. Lakini walijua wameshuka wapi.

Na sisi je? Deni huwa na pande mbili. Martin alizaliwa 1948, na kuna wasee wanaokokotoa umri wake hadharani, wakimwandikia amalize kabla hajafa. Jiulize kama unaweza kumwambia babu yako hivyo mezani. Robert Jordan, wa The Wheel of Time, alipojua ugonjwa unammaliza, alitumia nguvu zilizobaki kusimulia na kuacha maelezo ili mwingine aweze kuifunga hadithi. Alifariki 2007. Brandon Sanderson akaifunga kwa vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka 2013. Watu humtaja Jordan kama mfano wa mwandishi aliyelipa. Mimi naona alitoa zawadi. Tukiiita malipo tunamnyang'anya wema wake, halafu tunaigeuza kuwa fimbo ya kumchapia mwingine.

Vilevile kasi ya Sanderson si sheria. Yeye mwaka 2022 alitangaza riwaya nne alizoziandika kimyakimya, na wasomaji wakamchangia zaidi ya dola milioni 41 kwenye Kickstarter. Hongera kwake. Lakini mkulima mmoja kuvuna mara mbili kwa mwaka hakumfanyi jirani yake kuwa mwizi.

Kuna sababu moja ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, na haiwahusu matajiri hawa. Siku hizi utasikia msomaji akisema: sianzi msururu mpaka uishe. Namwelewa, ameungua. Lakini msururu usionunuliwa kitabu cha kwanza mara nyingi hukatwa na mchapishaji kabla ya cha pili. Anayeumia hapo si Martin. Ni mwandishi mpya, labda binti wa hapahapa Nairobi au Kampala, ambaye ana vitabu vitatu kichwani na hakuna anayemjua. Majina makubwa yalikopa imani ya wasomaji, na bili inaletewa yeye.

Kwa hivyo mnunulie kitabu chake cha kwanza kikiwa cha kwanza. Usimwulize cha pili kinatoka lini. Mwombe kitu kimoja tu: siku akijua hakitatoka, aseme.