Ngamia wa Burat na Ujumbe Uliotoka Ofisini

Kisa hiki ni cha kutunga, na shirika linalotajwa humu halina jina. Yaliyo ya kweli ni habari za dawa, za utafiti na za nzige. Nimekiweka Burat, ile wadi iliyopakana na mji wa Isiolo, kwa kuwa ni mahali ambapo neno moja lisilopimwa laweza kufika kwa Mturkana, Mborana, Msamburu, Mmeru na Msomali kwa siku moja. Huku kuna mbuzi na ngamia, kule kando ya Mto Isiolo kuna bustani za sukuma wiki, nyanya na vitunguu.

Paliondokea shirika moja lililokuwa likisaidia wafugaji na wakulima wa Burat. Wafadhili wakaanza kuuliza katika kila kikao: je, mmeanza kutumia akili mnemba? Mkurugenzi, mtu mwenye nia njema, akamwita mkufunzi kutoka Nairobi, akakodi ukumbi wa hoteli mjini, akawapeleka wakuu wa idara, mhasibu na afisa wa mawasiliano. Kwa siku mbili walifundishwa kuandika ripoti upesi, kufupisha makaratasi marefu, kutengeneza slaidi. Wakapewa vyeti, wakapiga picha. Dereva aliyewaleta alikaa nje kwenye gari. Wahudumu wa mifugo walibaki nyanjani, kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa ya miguu na sindano, haina uhusiano na kompyuta.

Mvua zilipopita, nzi wanaouma wakazidi, na mifugo ikaanza kukonda na kulegea. Afisa wa mawasiliano akaombwa atunge ujumbe wa kusambaza kwenye vikundi vya WhatsApp vya wafugaji. Zamani kazi kama hiyo ilimchukua siku kadhaa: ampigie simu daktari wa mifugo wa kaunti, akae na wahudumu, aandike, asome mbele yao, arekebishe. Safari hii aliketi mbele ya kompyuta akauliza, kwa Kiingereza, tiba ya ugonjwa wa vimelea vya trypanosoma. Jibu likaja limepangika: diminazini, miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, sindano ya kwenye msuli. Kwa ng'ombe, jibu hilo ni sahihi. Akaomba litafsiriwe kwa Kiswahili chepesi cha wafugaji, na katika kule kurahisisha, ng'ombe wakawa mifugo. "Mifugo yenye dalili hizi idungwe diminazini." Sentensi inasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba Burat, anayesema mifugo amemtaja ngamia pia.

Ngamia haihimili dawa hiyo. Pengo kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni finyu mno kwake, na kipimo cha kawaida cha ng'ombe chaweza kumwangusha. Ndiyo maana ugonjwa huo unapompata ngamia, ambao huitwa sura (surra), una dawa zake, kama kwinapiramini na melasomini. Hii si siri ya maabara. Wazee waliokua na ngamia wanaijua, na mhudumu wa mifugo aliyefunzwa vizuri kaskazini mwa Kenya anaijua.

Ujumbe ulitoka Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi, mama mmoja mjane ambaye maziwa ya ngamia wake husafiri kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, alimtuma mwanawe duka la dawa. Kijana alirudi na pakiti za unga wa manjano. Aliusoma ujumbe mara mbili kwenye simu, akapima maji, akakoroga, akavuta sindano, akakadiria uzito kama alivyoelekezwa. Alifanya kila kitu barabara. Kabla jua halijawa kali, majike wawili waliokuwa wakikamwa walianza kutoka jasho na kutetemeka, kisha wakalala ubavu. Jumatatu mama huyo hakuwa na cha kupeleka kwenye basi.

Mkurugenzi alipokwenda kumpa pole, aliyemwendesha alikuwa dereva yuleyule, mzee mwenye ngamia wake mwenyewe. Njiani akamuuliza:

"Mzee, ule ujumbe uliuona?"

"Niliuona, bosi. Ijumaa hiyohiyo."

"Na mbona hukunipigia?"

"Niliwauliza vijana wa ofisi. Wakaniambia hiyo ni kompyuta imesema, na kompyuta imesoma vitabu vya madaktari wote. Mimi ni dereva. Siku ya mafunzo nilikuwa nje na gari. Ningesema nini, na nani angenisikiliza?"

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Ni rahisi kumlaumu afisa wa mawasiliano, lakini yeye alifanya alichofundishwa: kuuliza, kupata, kutuma. Hakufundishwa kuuliza "kwa mnyama gani?" kwa sababu mkufunzi mwenyewe hakuwa mtu wa mifugo. Na yule aliyekuwa na swali hilo kinywani alikuwa amewekwa nje ya mlango. Shirika lilikuwa limegawa ujuzi wa mashine kwa watu wasiojua ngamia, na kuwanyima wanaojua ngamia haki ya kuibishia mashine. Mafunzo ya namna hiyo ni afadhali yasiwepo, maana kabla yake dereva angeusahihisha ujumbe wa mtu mwenzake bila woga. Baada ya vyeti vile, kumsahihisha mwenzake kulikuwa kama kubishana na vitabu vyote vya madaktari.

Walioachwa nje, zaidi ya hayo, hawakai bure. Karani wa stoo katika shirika hilohilo alisikia habari za mashine inayopanga majedwali. Usiku, kwa simu yake na bando lake, alibandika humo orodha ya familia zinazopokea msaada: majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu, vijiji. Alitaka tu kumaliza kazi mapema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, wala kwamba unachokiweka kwenye programu ya bure huwezi kukifuata huko kilikokwenda. Meneja anayedhani wafanyakazi wake wa chini hawatumii akili mnemba kwa kuwa hajawafundisha anajidanganya. Wanaitumia peke yao, kwa kujificha, na makosa yao hayaonekani mpaka yameshaumiza mtu.

Mfano wa njia nyingine hauko mbali. Penda Health, yenye kliniki zake Nairobi, ilishirikiana na kampuni ya OpenAI kuweka chombo kinachoitwa AI Consult ndani ya mfumo ambao matabibu wake hujazia rekodi za wagonjwa. Tabibu anaandika, chombo kinasoma, kisha kinatoa rangi: kijani hakuna neno, manjano tazama tena, nyekundu simama. Uamuzi unabaki kwa tabibu. Matokeo yaliyotolewa Julai 2025, kutokana na ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15, yalionyesha makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13 miongoni mwa matabibu waliokuwa na chombo. Watafiti hawakuona tofauti ya uhakika katika namna wagonjwa walivyopona, na wakalisema hilo waziwazi.

Mimi kinachonishika zaidi ni habari ya kipindi cha mwanzo. Chombo kilikuwepo, rangi nyekundu ilikuwa ikiwaka, lakini zaidi ya theluthi moja ya maonyo hayo yaliachwa hivyohivyo mpaka mgonjwa akaondoka. Mashine haikubadilishwa kuwa ya ajabu zaidi. Matabibu waliokuwa wameizoea walikaa karibu na wenzao, wakawaonyesha kwa kesi zao wenyewe. Wasimamizi wakafuatilia ni nani anaacha nyekundu bila kuitazama. Waliofanya vizuri wakatambuliwa. Maonyo yaliyopuuzwa yakashuka hadi takriban asilimia 20. Kazi hiyo ilifanyika zamu kwa zamu, palepale mgonjwa alipo.

Na asiniambie mtu kwamba watu wa Burat hawawezi. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi mbaya kuliko wote nchini kwa miaka 70, Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopigwa mapema. Mwaka 2020 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State walitoa programu ya simu, eLocust3m, ili mtu aliye nyanjani apige picha ya nzige na kutuma mahali alipowaona. Taarifa za wachunguzi wa kaskazini zilisaidia kuzielekeza timu za kunyunyiza dawa. Watu wa nyanjani walijifunza programu hiyo kwa sababu walipewa swali wanalolijua: umeona nini, wapi, wanaruka au wametua, wachanga au wakubwa.

Katika kisa chetu, mkurugenzi hakuzima kompyuta. Alirudi Burat akaitisha mkutano chini ya mgunga ulio karibu na stoo, akawaketisha wote: wahudumu wa mifugo, dereva, karani, mlinzi, na afisa wa mawasiliano aliyekuwa ameshindwa kulala. Kompyuta ikawekwa mezani. Dereva ndiye aliyeambiwa aulize. Akauliza kwa Kiswahili, kijana mmoja akichapa: dawa hii ya manjano, nikimdunga ngamia, itakuwaje? Mashine ikajibu kwamba ni hatari kwa ngamia na ikashauri daktari wa mifugo aulizwe. Watu wakanyamaza. Onyo lilikuwa linapatikana tangu Ijumaa ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuliita. Kisha mhudumu mmoja akaiuliza jambo la majani ya porini ambayo mbuzi wa kijiji cha Leparua hawali, nayo ikatunga jibu refu, la kujiamini, lisilo na ukweli hata kidogo, na wote wakalicheka. Somo la pili likawa limekaa bila mwalimu.

Wakaafikiana kukutana nusu siku kila Alhamisi, ndani ya saa za kazi na kwa malipo. Kila mmoja aje na kazi yake ya wiki ile: karani na jedwali lenye majina yaliyoondolewa, mhudumu na dalili za mnyama aliyemwona, afisa na ujumbe ambao haujatoka. Ujumbe wowote unaotaja dawa, mbegu au maji usitoke bila jina la mtu wa nyanjani aliyeusoma, na mtu huyo awe na uwezo wa kuuzuia hata kama mkurugenzi ana haraka. Tafsiri za Kiturkana, Kiborana na Kisamburu zibaki kwa wenye lugha, wakizisoma kwa sauti mbele ya wenzao kabla ya kurekodi, kwa kuwa mashine hizi zimelishwa maandishi machache sana ya lugha hizo.

Mama mjane alilipwa majike wawili kutoka fungu lililokuwa limetengwa kwa warsha ya pili ya hoteli. Mfadhili alilalamika kwamba ripoti ya mwaka haikuonyesha vyeti vipya. Mkurugenzi akamtumia daftari la Alhamisi, lenye orodha ya jumbe zilizozuiwa, sababu ya kila mmoja, na jina la aliyeuzuia. Jina la dereva lilikuwa limejirudia kuliko mengine yote.