Mboga za Minneapolis, Mafuriko ya Garissa

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2023, jijini Minneapolis, joto lilipita nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa kawaida tarehe hiyo hata saa nane mchana halifiki sifuri, na udongo haupitishi jembe. Safari hii ilinyesha mvua. Nyuma ya nyumba za mitaani, sukuma wiki ilikuwa bado imesimama kijani kwenye matuta, na aliyetaka karoti alizishika majani na kuvuta tu. Zilitoka na udongo mweusi uliolowa, tamu kuliko za Agosti, kwa sababu karoti ikiguswa na baridi kidogo hugeuza wanga wake kuwa sukari ili isigande.

Wenyeji wa jimbo la Minnesota walianza kuyaita majira hayo baridi iliyopotea. Kwa eneo la Marekani bara, bila Alaska na Hawaii, miezi ya Desemba 2023 hadi Februari 2024 ilikuwa na joto kuliko majira yoyote ya baridi tangu vipimo vya taifa vianze mwishoni mwa karne ya 19, na Minnesota ni mojawapo ya majimbo manane yaliyovunja rekodi yake. Katikati ya Februari barafu ilifunika chini ya asilimia 3 ya Maziwa Makuu. Mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji ya John Beargrease yalifutwa kwa kukosa theluji. Katika jimbo jirani la Wisconsin, waandaaji wa mbio maarufu za kuteleza za Birkebeiner walitengeneza theluji kwa mashine na kuwazungusha washiriki kwenye kipande cha kilomita 10.

Basi wanamichezo walilia, wavuvi wa kwenye barafu walilia, na mwenye bustani alikula mboga zake. Hapo ndipo linapoanza swali ambalo mtu wa dini hawezi kulikwepa kirahisi. Amefundishwa kushukuru kwa kila kilichomo sahanini. Je, anashukuruje kwa sahani iliyojazwa na hali ya hewa iliyoharibika?

Swali hilo lingebaki la watu wenye nafasi ya kubishana mezani kama madhara yangekuwa ya wacheza theluji peke yao. Hayakuwa hivyo. Mwaka huo kulikuwa na El Niño yenye nguvu: maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yalipata joto kupita kawaida, mikondo ya upepo wa juu ikahama, na hewa ya baridi kutoka Kanada ikakosa njia ya kushuka kusini kama ilivyozoea. Mchafuko huohuo wa bahari, ukisaidiwa na joto lililokusanyika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulimwaga mvua za vuli Afrika Mashariki kwa wingi wa kutisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshaonya mapema. Novemba, mji wa Garissa nchini Kenya ulikatika na watu wakavushwa kwa mashua palipokuwa barabara. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilijaa maji. Tarehe 3 Desemba, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufunika mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, na zaidi ya watu 80 wakafa.

Minneapolis ina jamii kubwa ya Wasomali, na wengi wao walipitia Dadaab kabla ya kufika Marekani. Viunga vya kaskazini mwa jiji hilo vina Wakenya wengi pia. Kwa familia hizo, kipupwe cha ajabu na gharika ya kwao hazikuwa habari mbili za kurasa tofauti. Mtu aliweza kuchuma mboga uani bila glavu huku simu yake ikionyesha picha za mahema yanayoelea.

Marabi wa kale walilifikiria jambo hili kwa namna isiyo na huruma ya bandia. Talmudi inasimulia dua fupi aliyoiomba Kuhani Mkuu Siku ya Upatanisho, alipotoka Patakatifu pa Patakatifu. Pamoja na mengine, alimwomba Mungu asiyasikilize maombi ya wasafiri kuhusu mvua. Sababu ni wazi kwa mkulima yeyote: msafiri anaomba anga kavu ili asilowe njiani, na nchi nzima inahitaji mvua ili ile. Dua yake ni ya kweli, machozi yake ni ya kweli, ila shida yake ikikidhiwa wengine watakufa njaa. Inashangaza kwamba siku takatifu kuliko zote, saa ambayo mtu angetarajia maneno ya juu kabisa, kuhani alikumbuka kwamba hali ya hewa ni moja na wanaoigombania ni wengi.

Mtu atasema El Niño ni ya asili. Ilikuwako kabla ya kiwanda cha kwanza cha makaa ya mawe. Ni kweli, na anayemtwika mwenye bustani mzigo wote anamwonea. Lakini El Niño ya siku hizi inapanda juu ya dunia ambayo tayari imepashwa joto. Wanasayansi waliochambua mvua za vuli za 2023 katika Pembe ya Afrika walihitimisha kwamba ongezeko la joto duniani lilizifanya kuwa nzito zaidi, pengine hata maradufu. Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa takriban tani 14 za kaboni dioksaidi kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Mwenye bustani hakuchagua Pasifiki ipate joto, ila gari lililomletea mbolea dukani na tanuri la gesi linalopasha sebule yake yamo kwenye hesabu.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya sehemu ya bahati katika kumhukumu mtu. Madereva wawili wanaendesha kwa uzembe uleule, mmoja anafika salama, mwingine anakutana na mtoto barabarani. Wa pili tu ndiye tunayemwita muuaji. Mfano huo hutajwa kila mara kwa bahati mbaya. Bahati njema haina mashahidi wengi. Anayepata faida bila kukusudia haitwi mahakamani, na ndiyo maana huweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba faida haina mmiliki mwingine.

Kabla ya kwenda mbali na maadili, hata hivyo, ni haki kuiuliza bustani yenyewe kama faida hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani. Jibu lake ni la tahadhari. Mboga haili joto, inakula mwanga. Minneapolis iko latitudo 45 kaskazini, na kuanzia mapema Novemba hadi mapema Februari mchana wake hauzidi saa 10. Eliot Coleman, mkulima wa Harborside katika jimbo la Maine ambaye amevuna mboga miaka mingi katikati ya baridi ndani ya vitalu nyumba visivyo na moto, alikipa kipindi hicho jina la Persephone, binti wa hekaya za Kigiriki anayetekwa kwenda kuzimu na dunia ikakoma kuzaa. Katika siku hizo mmea ulioshakua hukaa hai ukingoja. Mche mchanga haukui. Aliyedanganywa na Desemba ya 2023 akatupa mbegu za saladi aliziona zikichipua, zikatoa majani mawili, kisha zikasimama vilevile wiki baada ya wiki. Joto liliziita, mwanga haukuwapo kuzilisha.

Katikati ya Januari baridi ya kweli ikashuka kwa siku kadhaa. Hapo ukosefu wa theluji ukaonyesha upande wake wa pili, maana theluji ndiyo blanketi la bustani za kaskazini: chini yake udongo hubaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa nyuzi 20 chini. Vitunguu saumu vilivyopandwa Oktoba, ambavyo huhitaji majira ya baridi ili vigawanyike vidole, vilibaki bila kifuniko isipokuwa matandazo aliyoyaweka mwenye busara. Na wadudu ambao baridi kali huwapunguza walivuka wengi zaidi kuelekea masika.

Katika kitabu cha Mwanzo, baada ya gharika, Mungu anaahidi moyoni mwake kwamba maadamu dunia ipo, majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma, wala baridi na joto. Wahubiri hukimbilia mavuno. Wachache husimama kwenye baridi, nayo imetajwa humohumo, kama sehemu ya ahadi wala si adhabu. Anayeisoma Biblia hivyo anaweza kudai kwamba kipupwe kilichopotea Minnesota kilikuwa kunyimwa, hata kama kilikuja na karoti.

Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa jimbo hilo, wana sababu yao ya kusema vivyo hivyo. Kwa desturi yao, hadithi takatifu za Nanaboozho, shujaa wa hekaya zao, husimuliwa theluji ikiwa chini, si wakati mwingine. Katika majira ambayo ardhi ilibaki wazi wiki nyingi, anayeheshimu desturi alilazimika kukaa kimya au kuamua upya desturi inasema nini. Hasara ya aina hiyo haionekani kwenye takwimu za bima.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika subira na shukrani katika kitabu kimoja cha Ihya, kazi yake kubwa, na hakuziweka pamoja kwa bahati. Kwake jambo moja laweza kumdai mtu vyote viwili kwa wakati mmoja: kushukuru kwa upande wake wa heri, kusubiri kwa upande wake wa msiba. Tena shukrani kwake ina sehemu tatu, elimu, hali ya moyo na amali. Kujua neema imetoka wapi, kuifurahia, kisha kuitumia kwa lengo ambalo iliumbiwa. Ukipima kwa kipimo hicho, mwenye bustani anayesema Alhamdulillahi na kuepa kujua habari za Garissa ameanguka kwenye sehemu ya kwanza, hata hajafika kwenye moyo. Na yule anayejua kila kitu, akahuzunika sana, akaacha mboga zioze kwa kujiona msafi, ameanguka kwenye ya tatu. Mwandishi huyu anamwona wa pili kuwa mbaya zaidi kidogo: wa kwanza angalau amekula.

Hivyo swali halikuwa kamwe kama apande au asipande. Mapokeo ya Kiislamu yana hadithi ya Mtume inayomwambia mtu mwenye mche mkononi aupande hata Kiyama kikimkuta, akiweza. Kazi iko kwenye amali inayofuata, na hapo mambo hupata bei. Tarehe 30 Novemba 2023, siku tatu kabla ya Katesh, mkutano wa tabianchi mjini Dubai ulikubaliana kuuwezesha kuanza kazi mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kwa hasara na uharibifu. Umoja wa Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi dola milioni 100 kila moja. Marekani iliahidi milioni 17.5, ambazo zikigawanywa kwa watu wake ni kama senti tano kwa kichwa. Machi 2025 ilijitoa kwenye bodi ya mfuko huo. Mwenye bustani wa Minneapolis anayetaka kulipa zaidi ya senti zake tano itabidi atafute njia nyingine, na majirani zake wenye ndugu Garissa wanazijua kadhaa.