Kwa Mtoto Si Mazoezi

Somo: Marko 6, mstari wa 7 hadi 13, na wa 30 hadi 31



Kila mwaka hufika majira ambapo tunawaona vijana wageni wakishuka kwenye basi hapa kwetu, wawili au watatu, wamebeba sanduku na godoro lililofungwa kamba, wakiuliza njia ya kwenda shule ya msingi. Jumapili inayofuata tunawaona kanisani, wameketi benchi la nyuma karibu na mlango. Misa ikiisha wanasimama nje kidogo, wakitazama watu wanavyosalimiana, kisha wanaondoka. Hao ni wanachuo wa ualimu waliopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Wenzao wa vyuo vingine hupelekwa zahanati, karakana au ofisi za serikali. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi twawajua sana vijana hawa, na leo twapenda kuzungumza habari zao, kwa kuwa Injili hii ni yao, tena ni yetu sisi tunaowapokea.

Marko anatuambia kwamba Bwana Yesu aliwaita wale Thenashara, akaanza kuwatuma wawili wawili. Tuuangalie wakati wenyewe. Walikuwa hawajamaliza masomo yao. Petro alikuwa bado hajamkana Bwana, wala hajalia kwa kutubu. Hata baada ya safari hiyo, katika sura hiyo hiyo, Marko asema kwamba hawakuelewa maana ya ile mikate, kwa sababu mioyo yao ilikuwa mizito. Kwa lugha ya chuoni tungesema walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hata hivyo, watu waliowaendea hawakuwa watu wa kujifunzia. Wagonjwa waliowapaka mafuta walikuwa wagonjwa kweli, na waliopona walipona kweli.

Hili ndilo jambo tunalotaka mlishike. Kwa yule anayetumwa, kazi hii huitwa mazoezi. Kwa yule anayeendewa, si mazoezi hata kidogo. Fundi cherehani humpa mwanafunzi wake vitambaa vya mabaki ashone. Akiharibu, vinatupwa, wala hakuna aliyepata hasara. Mwalimu hana vitambaa vya mabaki. Mtoto wa darasa la pili ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka minane. Mgonjwa wa zahanati hana homa ya kujifunzia.

Tunayasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa. Katika miaka ya themanini tulikwenda shule moja ya kijijini kumkagua mwanachuo wetu. Lilikuwa darasa la tatu, somo la hesabu za kuzidisha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, zana zimetundikwa ukutani, na andalio la somo limeandikwa kwa wino wa rangi mbili, mistari imenyooka kama uzi. Kijana aliuliza maswali, mikono yote ikawa juu. Tulifurahi. Mara mtoto mmoja aliyeketi mbele akapaza sauti, "Arobaini na nane!" kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni. Wenzake wakacheka, nasi tukacheka, tukidhani ni mtoto mwepesi wa akili. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai ofisini, mwalimu wa darasa lile, mtu mzima, akatuambia kwa upole, "Wazee wangu, somo hilo wanafundishwa tangu Jumatatu." Nayo siku ile ilikuwa Ijumaa. Kijana alijua siku yetu ya kuja, akawafanyisha watoto mazoezi ya kumpa yeye alama. Tulimaliza chai yetu, tukaaga. Alama nzuri tulizokwisha kuandika hatukuzifuta.

Muhula ule ule tulimkagua binti mmoja, darasa la pili, somo la kusoma. Alianza vizuri, kisha akafika kwa mvulana mmoja ambaye hakuweza kuunganisha silabi. Binti akachuchumaa kando ya dawati lake, akaanza naye polepole, huku darasa likinong'ona na dakika zikipita. Kengele ikalia, nusu ya andalio lake haijaguswa. Tuliandika kwamba hakuzingatia muda, na kwamba somo halikufikia lengo. Alisoma maneno yetu, akasema, "Asante, Mkufunzi," akakusanya chaki zake.

Mwaka uliofuata tulipita tena shule ile kwa kazi nyingine. Mwalimu mkuu akatuambia kwamba mvulana yule sasa husoma kila tangazo linalobandikwa kwenye mlango wa duka, tena kwa sauti, hata mwenye duka amechoka naye. Tulicheka, kisha tukaona haya. Binti alikuwa amekwisha pangiwa kazi mkoa wa mbali. Tungeweza kumwandikia barua kumwambia kwamba somo lake lilifikia lengo, ila sisi hatukukaa muda wa kutosha kuliona. Hatukuandika. Tulijiambia kwamba tuna kazi nyingi, na miaka ikapita. Ndugu, haya tunayaandika leo kama maungamo.

Basi, kwenu ninyi vijana mliopo chuoni. Maisha ya chuo yana raha zake na taabu zake, nasi twayajua: maharage yale yale bwaloni, kelele za bwenini, marafiki watakaokuwa ndugu zenu maisha yote, na pengine marafiki ambao mngekuwa salama zaidi bila wao. Huko kote mnafundishwa kuiangalia alama, maana alama ndiyo inayobandikwa ukutani. Lakini mnapotumwa, ondoeni macho kwenye alama, mumtazame mtu aliye mbele yenu. Mkaguzi atakuja siku moja au mbili. Mtoto yupo siku zote. Tena mkumbuke kwamba Bwana aliwatuma wawili wawili, kwa maana jifya moja haliinjiki chungu. Mwenzako akianguka katika kazi, usimcheke ukirudi chuoni. Na ukifika mahali pageni, tafuta wenzako wa kusali nao, usingoje mpaka upweke ukutafutie wenzako wa namna nyingine.

Jambo la pili latuhusu sisi wenyeji. Bwana aliwakataza mitume wasichukue mkate, wala mkoba, wala fedha. Aliwaruhusu fimbo na viatu tu, na akawaambia wakae katika nyumba ile watakayoingia kwanza. Kwa nini aliwatuma mikono mitupu? Ni kwa sababu aliwategemea wenye nyumba. Mkono mtupu wa aliyetumwa ulikuwa mwaliko kwa mwenyeji aingie naye katika kazi ya Mungu. Wahenga wetu nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kanisa letu limejengwa kwa mapokezi ya namna hiyo. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na misheni ya UMCA. Alipelekwa Chitangali, kusini mwa nchi, mwaka 1886 akiwa bado shemasi, na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Kama watu wa Chitangali wangengoja wapelekewe mtu aliyekwisha timia, wangengoja sana. Na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu ilipoamua kwamba kila mtoto aende shule ifikapo mwaka 1977, vijijini walipelekwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakifundisha na huku wakijifunza ualimu. Wengi wetu tuliwabeza. Lakini wako wasomaji wa jarida hili waliofundishwa kusoma na vijana hao hao, katika madarasa ya miti na udongo, na leo wanasoma maneno haya kwa matunda ya kazi yao.

Sasa tujiulize, je, sisi twawapokeaje? Tumesikia ya kwamba wako wenye nyumba wanaopandisha kodi ya chumba mara wakijua mpangaji ni mwanachuo, kwa kuwa hana pa kwenda. Hilo ni dhambi, hata kama chumba ni chako. Na liko jambo baya zaidi, ambalo huzungumzwa kwa minong'ono tu. Wako wakubwa wa kazi, na wakufunzi pia, wanaomtaka binti mwili wake ndipo wamtilie sahihi karatasi zake au wampe alama anazostahili. Sheria ya nchi yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yahesabu tendo hilo kuwa kosa la rushwa. Na mbele za Mungu ni wizi juu ya mtu aliyekabidhiwa kwetu na wazazi wake. Binti wa namna hiyo mara nyingi hunyamaza, kwa sababu hapa hana mama, hana shangazi, wala hana mtu anayejua jina lake. Binti aliyeketi benchi la nyuma Jumapili anatuangalia, akipima kama yupo mmoja wetu anayeweza kuambiwa.

Twashauri basi, kwa unyenyekevu, mambo machache ambayo mtaa wowote unaweza kuyafanya. Wazee wa kanisa wawe na orodha ya nyumba za waumini wenye vyumba vya bei ya haki. Umoja wa Mama wachague mama mmoja atakayewatembelea mabinti hao katika juma lao la kwanza, awape jina lake na kuwaonyesha mlango wake, ili lolote likitokea wajue pa kukimbilia. Na yeye aambiwapo jambo asilifunike kwa kuogopa cheo cha mtu. Kila Jumapili nyumba moja iwaalike chakula cha mchana, hata kama ni ugali na mchicha. Padre awaite kwa majina mbele ya watu, awaombee. Na wakiwa na kipaji, waimbe kwaya au wafundishe shule ya Jumapili, kwa maana mgeni anayepewa kazi huacha kuwa mgeni.

Jambo la tatu ni la kurudi. Marko asema mitume walikusanyika kwa Yesu, wakampa habari za mambo yote waliyoyafanya na waliyoyafundisha. Tuone vema: mambo yote. Bwana aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita waende peke yao mahali pa faragha wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi, hata nafasi ya kula hawakupata. Hakuanza kwa kuwahesabia waliowaponya.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Wanachuo wetu walirudi na mabegi ya vumbi na habari nyingi, nasi tukawapokea na karatasi ya alama. Hatukumwuliza yule kijana kwa nini aliogopa hata akawafundisha watoto kutudanganya. Labda angetuambia kwamba aliogopa sisi. Hatukumwuliza yule binti alimwona nini mvulana yule. Ninyi wazazi, mwanenu atakaporudi kutoka chuoni au kazini alikopelekwa, swali lenu la kwanza lisiwe amepata ngapi. Mkalisheni, mpeni maji ya kuoga na chakula, kisha mwulizeni alikutana na nani, na alimfanyia nini. Na akiwa na jambo zito moyoni, ngojeni mpaka alitoe.

Wapendwa, sisi sote tu wanachuo mpaka siku ya mwisho. Hakuna kati yetu aliyekwisha kufuzu kumpenda jirani. Lakini jirani yetu hawezi kungoja mpaka tufuzu, maana njaa yake ni ya leo na machozi yake ni ya leo. Neema ya Mungu hutupeleka hivyo hivyo tulivyo, wawili wawili, tukiwa na fimbo na viatu, naye hutungoja jioni atusikilize.

Tusali. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewatuma wanafunzi wako kabla hawajajua yote, walinde vijana wetu waliotumwa mbali na nyumbani. Wape macho ya kuwaona wadogo waliokabidhiwa. Fungua milango yetu mbele yao. Na utusamehe sisi tuliowahukumu bila kuwasikiliza. Uliye hai na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.