Mzazi Aliyepasuliwa Si Mzazi Pungufu

Ndugu zetu Waislamu wa Mji wa Kale na wa kisiwa chetu chote,

Limeenea neno barazani na majumbani kwamba mwanamke aliyepasuliwa hakuzaa, amezalishwa, na kwamba thawabu za uchungu zimempita. Neno hili twalikataa, na hoja zetu ni hizi.

Kwanza, Qur'ani katika Suratul-Ahqaf imetaja mashaka ya mama tangu kuchukua mimba, wala haikupunguza daraja yake kwa njia aliyotokea mtoto. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi, miongoni mwao Imamu Nawawi, wameeleza tangu zamani kwamba mama akifa na mtoto anatarajiwa kuishi, tumbo hupasuliwa mtoto atolewe. Ikiwa maiti, pamoja na heshima yake, hupasuliwa kwa ajili ya uhai, vipi alaumiwe aliye hai apasuliwaye ili ziokoke roho mbili? Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka 1879 Robert Felkin alishuhudia Bunyoro, Uganda, waganga wa huko wakimpasua mzazi, na mama na mtoto wakasalimika.

Pili, wanaolalamika kwamba kisu kimezidi wana haki ya kusikizwa. Uchunguzi wa taifa la Kenya wa 2014 ulikuta uzazi 9 katika kila 100 ni wa kupasuliwa. Wa 2022 ulikuta 17. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha taifa kikipita 10 katika 100, vifo vya wazazi na vya watoto havionekani kupungua zaidi kwa ajili yake. Basi tabibu apasuaye kwa tamaa ya fedha, au kwa kuchoka kungoja, amekhini amana. Lakini hesabu ya taifa haimhukumu mwanamke mmoja aliye kitandani usiku wa manane.

Tatu, na hili twalisema kwa haya. Miaka iliyopita mume mmoja alitujia baada ya Isha, mkewe yu katika uchungu, tabibu ataka kupasua. Tulimwambia asubiri mpaka asubuhi, awashauri wazee. Mama alipona, mtoto tulimzika sisi. Tulijibu tusilolijua, na yule mama hatukumuuliza.

Basi idhini ni yake mwenye mwili; na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe na akubali mwenyewe. Enyi waume, ulizeni mapema, kabla ya siku ya uchungu: kwa nini kupasua, na kuna hatari gani kungoja? Enyi mama zetu, mwingiapo kwa mzazi katika arubaini yake, mchukulieni uji na dua, msimchukulie hukumu.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu. Amin.