Kulipa Fedha si Kusafisha Ardhi

Mtu akitia sumu katika ardhi wanayokaa watu, kisha akawalipa fidia, je, deni lake limekwisha? Wengi watajibu kwamba limekwisha. Sisi twaona bado.

Tutazame Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi kilifunguliwa hapo mwaka 2007, kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na tena ikaamuru udongo usafishwe. Fidia hiyo ilipotenguliwa katika rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha mwaka 2024. Basi amri zilikuwa mbili, na tuangalie tusije tukaishika ile ya fedha tukaisahau ya udongo.

Yapasa tujue kwamba sumu hii si kama najisi. Mkojo ukimwagika juu ya ardhi, humiminiwa maji pakatoharika. Ama risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Hukaa katika udongo wa juu miaka na miaka. Mtoto acheza mchangani, atia kidole kinywani, nayo yaingia katika damu na kumdhuru akili. Dawa yake ni kuuchimba udongo ule, kuuzika mahali palipohifadhiwa, na kuleta udongo safi badala yake.

Jambo hili lawezekana. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 watoto mamia walikufa kwa risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini. Madaktari waliona kwamba kumtibu mtoto kisha kumrudisha katika ua ule ule ni kazi bure. Basi nyua zilisafishwa, ndipo tiba ikafaa.

Huenda mtu akasema: wapewe fedha, wahame. Nasi twamuuliza: atakayekuja kujenga hapo baada yao ameonywa na nani? Fidia ni haki ya aliyedhurika leo. Udongo safi ni haki ya atakayezaliwa kesho, ambaye hakusimama mahakamani, wala hakuna awezaye kusamehe kwa niaba yake.

Toba ya dhuluma haitimii mpaka kilichochukuliwa kirudishwe. Aliyepata faida asafishe. Akitoweka, wasafishe waliompa ruhusa. Nasi tulio jirani tusinyamaze kwa kuwa fedha zimetajwa, maana fedha hutumika zikaisha, na risasi ingali pale pale chini ya miguu ya watoto.